Mtani Aliyechukua Bila Kucheka

Genoveva hakuwa na simu. Hakuwa na meza ya kusomea; alisoma amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari likiwa magotini. Hakuwa na kaka wala dada aliyemtangulia sekondari, wa kumwonyesha hesabu zilipomshinda. Hakuwa na baba na mama karibu, maana wao walikuwa wamebaki milimani, upande wa Kipatimu, wakipalilia mihogo na mikorosho yao. Hakuwa na kamusi, hakuwa na saa, na mkoba wake wa shule ulikuwa mfuko wa saruji ulioshonwa mikanda. Tena katika ukoo wao mzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuweka kidole juu ya kompyuta.

Alichokuwa nacho ni bibi, na mtani.

Bibi yake, Bibi Monika, alikaanga samaki pale Somanga, kando ya barabara kuu, mahali mabasi ya Lindi na Dar es Salaam yanaposimama abiria wanyooshe miguu. Kila asubuhi Genoveva aliamka, akaparua magamba, akapasua samaki na kuwapaka chumvi na ndimu, kisha akanawa mikono kwa majivu ili asinuke shombo, akavaa sare na kwenda shule. Alikuwa kidato cha pili katika sekondari ya kata. Akili alikuwa nayo. Uvumilivu ndio uliokuwa ukimpungukia. Alianza kila jambo kwa mbio, akaliacha katikati.

Mtani wake alikuwa Hamida, binti Fakihi, wa darasa lile lile. Ukoo wa Hamida na ukoo wa Genoveva walikuwa watani tangu enzi za mababu, na wasichana hawa wawili waliurithi utani huo kama mtu anavyorithi pua. Hamida akimwona Genoveva anakula muhogo, alimpokonya na kuumaliza mbele yake. Genoveva naye aliwahi kuingia jikoni kwa kina Hamida, akatoka na mkate wa kumimina mzima, huku mama wa nyumba akimcheka na kumwita jambazi wa milimani. Hamida alimwambia Genoveva kwamba watu wa kwao wakiiona bahari hukimbia wakidhani ni mafuriko. Genoveva alimjibu kwamba watu wa pwani hulishika jembe kama wanaokoroga chai. Tangu mwaka jana Hamida alikuwa amejitwalia kanga mpya ya Genoveva, nyekundu, akawa anaivaa kila Jumapili na kupita nayo makusudi mbele ya kikaango cha Bibi Monika. Hakuna aliyekasirika. Mtani hashtakiwi, hiyo ndiyo sheria, na hata mtoto mdogo anaijua.

Mwanzoni mwa mwaka, chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam kilianzisha kozi ya kompyuta kwa wanafunzi wa sekondari za mbali. Shule ya Somanga ilipewa nafasi kumi na mbili, na Genoveva na Hamida wakawa miongoni mwa waliochaguliwa. Kompyuta zilikuwa sita, zikitumia umeme wa jua, ndani ya chumba kimoja chenye nyavu madirishani. Msimamizi wake alikuwa Mwalimu Abilahi, mtu mpole, mwenye kupangusa vumbi kwenye kompyuta hizo kwa leso yake mwenyewe. Kila Jumamosi mhadhiri wa chuo, Dokta Imani, aliwafundisha kwa njia ya mtandao. Mtandao wenyewe haukuwa na nguvu ya kubeba picha, hivyo walimsikia sauti tu, naye aliwasikia sauti tu. Hawakuwahi kuonana naye hata siku moja.

Kabla ya kuanza, kila mwanafunzi alipewa akaunti yake, yenye jina la kuingilia na neno la siri. Siku hiyo Mwalimu Abilahi aliwasomea masharti ya chuo polepole, akayafafanua kila moja. Neno la siri ni la mtu mmoja. Usimpe mwenzako, wala usilitumie la mwenzako. Kazi unayoituma kwa jina lako iwe umeifanya wewe. Ukisaidiwa, mtaje aliyekusaidia. Kusaidiwa si aibu, kuficha ndiyo aibu. Atakayevunja masharti haya akaunti yake itafungwa. Wote kumi na wawili walitia sahihi. Genoveva aliitia yake kwa madaha, kwa mkia mrefu chini ya jina.

Kazi kubwa ya kozi ilikuwa moja. Kila mwanafunzi achague jambo la kijijini kwake la kuhesabu kila siku kwa wiki nne, aziweke hesabu zake katika jedwali la kompyuta, achore grafu, kisha aandike kurasa mbili za maelezo. Wanafunzi wawili wa kila shule watakaofanya vizuri kuliko wengine wangekwenda kukaa chuoni wiki tatu wakati wa likizo ya Juni, kila mmoja na kompyuta yake peke yake.

Hamida aliitaka safari hiyo kama mgonjwa anavyoitaka afya. Hakuwahi kuvuka daraja la Rufiji maishani mwake. Alichagua bomba la maji la kijiji, na kila siku saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amekwisha kufika pale na daftari lake, anaandika ndoo ngapi zimejazwa na kila mtu amengoja muda gani. Wanawake wa foleni walimtania wakimwita karani wa ndoo. Mvua ikinyesha, alijifunika mfuko wa nailoni akaendelea.

Genoveva alichagua kuhesabu mabasi yanayosimama Somanga. Kazi hiyo ilikuwa rahisi, maana mabasi yalisimama mbele ya kikaango cha bibi yake. Alihesabu siku nne. Siku ya tano ilikuwa na jua kali, akajiambia kwamba atahesabu kesho. Kesho yake alikuwa na nguo za kufua. Wiki ya pili akasema atafidia wiki ya tatu, na wiki ya tatu akaona haya kuanza upya. Wiki ya nne ilipofika, daftari lake lilikuwa na siku nne zile zile.

Kazi ilitakiwa ifike chuoni kabla ya saa sita mchana, siku ya Jumamosi. Ijumaa mchana Mwalimu Abilahi alikwenda msikitini, na wanafunzi Waislamu wakaruhusiwa kutoka mapema. Wengine walikwisha kutuma kazi zao. Genoveva alisema bado anamalizia yake, na Mwalimu, kwa kumwamini, akamwachia ufunguo wa chumba.

Alikaa peke yake mbele ya kompyuta. Aliandika jina lake juu ya ukurasa, akalitazama. Chini ya jina hapakuwa na kitu cha kuandika. Ndipo akakumbuka kwamba analijua neno la siri la Hamida. Hakupewa. Ila Hamida alichapa kwa kidole kimoja, akitamka kila herufi kwa midomo, na anayekaa pembeni yake hakuwa na haja ya kuchungulia. Genoveva alijiambia kwamba ataangalia tu jinsi mwenzake alivyopanga jedwali lake. Alipolifungua alikuta kazi imekamilika, safi, bado haijatumwa. Wiki nne za asubuhi zilikuwa zimelala pale mbele yake.

Akasema moyoni: ni mtani wangu. Mtani hashtakiwi. Amechukua kanga yangu mwaka mzima, nami nimechukua hiki. Akanakili kazi yote, akaipachika kwenye ukurasa wenye jina lake, akabadilisha kichwa cha habari na maneno mawili matatu, akaituma. Kisha akafunga mlango, akageuza ufunguo, akautikisa mlango kuhakikisha umejifunga vizuri, kama mtu mwaminifu.

Kesho yake asubuhi Hamida alikuja, akaisoma kazi yake mara ya mwisho, akaituma naye.

Jumanne Mwalimu Abilahi aliwaita wote wawili ofisini. Waliingia wakisukumana mlangoni, Hamida akimwambia Genoveva apite kwanza kwa kuwa wa milimani hawajui milango. Walipomwona Mwalimu hatabasamu, wakatulia. Wakampa shikamoo, akaitikia marahaba. Juu ya meza zilikuwepo karatasi za aina moja, fungu moja kando ya lingine.

Mwalimu aliwaeleza kwamba kazi zao mbili zinafanana hesabu kwa hesabu. Zote mbili zinasema kwamba tarehe kumi na nne bomba lilikauka na mafundi wakaja saa nne. Zote mbili zina kosa lile lile katika mstari wa tisa. Chuo kimeona kwamba ya Genoveva ilifika Ijumaa na ya Hamida ikafika Jumamosi, kwa hiyo wanamshuku aliyechelewa. Akaunti ya Hamida imefungwa tangu jana. Asipojieleza hadi Jumatatu ijayo, jina lake litafutwa katika kozi.

"Hamida," Mwalimu alisema, "hii ni kazi yako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Genoveva, na hii ni kazi yako?"

Hamida aligeuka kumtazama mwenzake, na macho yake yalikuwa yanacheka. Alikwisha kuelewa. Alikuwa akingoja tu, kama walivyongojana siku zote. Aliyechukua akionyeshe alichokichukua, ajipige mapaja, amwite mwenziwe mjinga wa pwani, na wacheke mpaka Mwalimu naye acheke. Genoveva aliyaona macho hayo. Nafasi ilikuwa wazi mbele yake kama mlango. Lakini alifikiria akaunti yake kufungwa, akafikiria Juni, akafikiria wanafunzi wote wakimnyooshea kidole, na ulimi wake ukaenda peke yake.

"Ndiyo, Mwalimu. Ni yangu."

Kicheko kilitoka machoni mwa Hamida kidogo kidogo, kama maji yanavyonywea mchangani. Mwalimu Abilahi alimwuliza kama ana neno la kusema, au daftari, au shahidi. Wanawake wote wa foleni ya maji wangeweza kumshuhudia. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba wake, na Genoveva aliona mkono wa Hamida umeubana mkoba huo ubavuni. Lakini kulifungua daftari kungekuwa kumshtaki mtani, na kwao Hamida jambo hilo halikuwahi kufanyika tangu babu wa babu.

"Sina la kusema, Mwalimu," alisema.

Mwalimu aliwatazama kwa zamu, akawaruhusu waende.

Nje, Genoveva alimfuata. Hamida aligeuka. "Kwaheri, Genoveva," alisema kwa adabu, akaenda zake.

Tangu wajuane hakuwahi kumwita kwa jina lake. Alimwita mtani, jambazi, mla mizizi, na majina mengine yasiyoandikika. Kuanzia siku hiyo alimwita Genoveva tu. Asubuhi alimwambia "Hujambo, Genoveva," kama mtu anavyomsalimu mgeni aliyekuja kuuliza njia. Aliketi dawati lingine. Hakupokonya muhogo wa mtu. Genoveva alijaribu utani. Alisema kwamba viatu vya Hamida vinafanana na mitumbwi iliyotoboka. Hamida alivitazama viatu vyake, akasema, "Ni kweli, vimechakaa." Genoveva alihisi masikio yake yanawaka moto.

Jumamosi ilikuwa mbaya zaidi. Dokta Imani alianza somo, akaita majina, na kila mmoja akaitikia kwenye kipaza sauti. Jina la Hamida halikuitwa. Hamida mwenyewe alikuwa barazani, nje ya dirisha lenye nyavu, kwa kuwa asiye na akaunti haruhusiwi kuingia. Hakurudi nyumbani. Alikaa sakafuni, akaegemea ukuta, akawa anaandika yale aliyoyasikia dirishani. Dokta Imani akasema kwamba angependa kuwapongeza waliohesabu maji ya bomba, kwa uvumilivu wao. Alisema hivyo bila kutaja jina. Genoveva aliinama juu ya vitufe. Aliona wazi kwamba kila neno la sifa lilipita juu ya kichwa chake, likatoka dirishani, likamwangukia mtu aliyekaa sakafuni.

Jioni yake, jua likiwa bado halijazama, Hamida alifika kwenye kikaango cha Bibi Monika. Alimwamkia Bibi, akamkabidhi kanga nyekundu. Ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa mara nne. Akashukuru kwa kuazimwa, akaaga.

Bibi Monika alibaki ameishika kanga mkononi, mafuta yakichemka. Alikuwa mtani mkubwa, anayeitwa misibani hata vijiji vya mbali. Alipofariki babu yake Hamida, ni yeye aliyekaa katikati ya njia na kulizuia jeneza lisipite mpaka wafiwa wamwombe kwa heshima. Ni yeye aliyeivaa kofia ya marehemu na kutembea kwa mwendo wake, mpaka wajane wakacheka katikati ya machozi. Mambo ya utani hakuna aliyeweza kumfundisha.

"Mtani harudishi," alisema. "Akirudisha, utani umekufa. Umemfanya nini huyu mtoto?"

Genoveva alisema hakumfanya kitu. Bibi aligeuza samaki mmoja, akamgeuza na wa pili. Hakuuliza tena. Alingoja, na kule kungoja kukamshinda Genoveva. Alieleza yote, kuanzia mabasi ya siku nne hadi Hamida kukaa barazani. Alipomaliza aliongeza upesi kwamba, hata hivyo, Hamida ni mtani wake, na mtani hashtakiwi.

Bibi Monika aliwatoa samaki wote mafutani, akapunguza moto, ndipo akasema.

"Ile kofia ya marehemu niliivaa wapi?"

"Msibani, Bibi. Mbele ya watu."

"Watoto wake walikuwepo?"

"Walikuwepo. Walicheka."

"Je, ningeingia chumbani kwake wakati watu wako makaburini, nikaificha kofia hiyo kifuani, na nilipoulizwa nikasema ni yangu, nimeinunua? Ungeniitaje?"

Genoveva alitazama chini. Neno alilijua. Lilikuwa fupi, lakini halikutoka.

"Sema. Una kinywa."

"Mwizi, Bibi."

"Mtani huchukua macho kwa macho, na mwenyewe anajua kilipo. Wewe ulichukua mwenyewe akiwa hayupo, ukafunga na mlango. Halafu ukamwachia yeye fedheha aibebe, kwa kuwa ulijua heshima yake itamziba mdomo. Mimi nimetania miaka hamsini, sijapata kuona utani wa namna hiyo." Alianza kupanga samaki kwenye sinia. "Sitakwenda kukusemea kwa mtu. Miguu unayo."

Genoveva hakula jioni ile. Jumapili alikwenda kanisani, na alipopiga kifua na kusema amekosa, alijua kwamba anasema maneno hayo mahali pasipo na Hamida.

Jumatatu asubuhi alimkuta Hamida bombani. Wiki nne zilikuwa zimekwisha, kazi ilikuwa imekataliwa, na bado Hamida alikuja na ndoo yake na daftari kwapani, kwa mazoea. Wanawake wa foleni walikuwa wamejaa. Genoveva alitamani kumvuta kando, akakumbuka maneno ya bibi yake, akasimama pale pale. Alisema mbele ya wote kwamba kazi ya kuhesabu maji ilikuwa ya Hamida, kwamba yeye aliiba kwa neno la siri lisilo lake, na kwamba alidanganya mbele ya Mwalimu. Mama mmoja aliguna. Mwingine akasema, "Kumbe karani wetu alidhulumiwa," na maji yakaendelea kumwagika kwenye ndoo iliyokwisha kujaa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuyafunga.

Hamida hakulia wala hakugomba. "Siku ile ofisini nilikuwa nangoja ucheke," alisema. "Nilingoja mpaka tukatoka nje."

Kisha wakaenda pamoja kwa Mwalimu Abilahi, Genoveva mbele, Hamida hatua kadhaa nyuma.

Mwalimu alimsikiliza Genoveva mpaka mwisho. Alilichukua daftari la Hamida, akalipekua ukurasa mmoja mmoja. Lilikuwa limelowa mvua pembeni, na tarehe kumi na nne ilikuwepo, na mafundi wa saa nne walikuwepo. Alikiri kwamba alishuku tangu mwanzo, lakini shaka si ushahidi, na mwenye daftari alikataa kulifungua. Akatoka nje kumpigia simu Dokta Imani. Walimwona kupitia dirisha, anatembea huku na huku, anatikisa kichwa.

Aliporudi aliwapa majibu. Akaunti ya Hamida itafunguliwa siku hiyo hiyo, na kazi yake itasahihishwa pamoja na za wengine, bila kupunguziwa alama. Akaunti ya Genoveva imefungwa mpaka mwisho wa mwaka, na safari ya Juni haimhusu tena. Mwakani, akitaka, ataomba upya kama mtu mpya. Juu ya hayo, kwa kuwa hana tena akaunti ya kuandikia chuo, aandike barua ya maelezo kwa mkono wake. Itiwe sahihi na yeye, na mlezi wake, na Hamida naye athibitishe kwamba ameisoma.

"Ufunguo wangu nilikuachia wewe," Mwalimu alisema. Hakusema kwa ukali, na afadhali angesema kwa ukali. "Sikiliza, Genoveva. Dokta Imani hajakuona sura. Hajui kama wewe ni mrefu au mfupi, wala kama unaamka alfajiri kuparua samaki. Anachokijua ni jina lililo juu ya ukurasa, na anaamini kwamba yaliyo chini yake yametoka kwa mwenye jina hilo. Elimu ya mbali yote imesimama juu ya imani hiyo. Ungeleta siku zako nne za mabasi, angekupa alama chache, na zingekuwa zako. Angejua pa kuanzia kukufundisha. Sasa amemsifu mtu ambaye hayupo."

Genoveva aliandika barua hiyo mchana kutwa, ndoo iliyopinduliwa ikiwa kiti chake. Ya kwanza aliichana kwa kuwa ilikuwa na visingizio vingi. Ya pili ilikuwa na huruma nyingi juu yake mwenyewe, nayo akaichana. Ya tatu aliiona inafaa. Jumanne, baada ya masomo, Hamida alikuja kuisoma. Alikaa kwenye benchi la wateja, akaisoma taratibu huku midomo yake ikitembea, kama alivyokuwa akichapa. Alipofika katikati alisimamisha kidole.

"Hapa umeandika, 'Nilichukua kazi ya mwenzangu kwa utani.'"

"Ndiyo."

"Toa hayo maneno mawili ya mwisho."

Genoveva aliyatazama maneno hayo. Aliyaandika bila kufikiri. Yalikuwa madogo, yamejibanza mwishoni mwa mstari, na ndiyo pekee yaliyokuwa yamebaki ya kujifichia. Alitaka kuyakata kwa kalamu. Bibi Monika akasema barua ya kwenda chuo kikuu haipelekwi na makovu. Basi Genoveva akachukua karatasi mpya, akainakili barua yote upya, neno kwa neno, na alipofika pale akaandika, "Niliiba kazi ya mwenzangu Hamida Fakihi." Akaweka nukta.

Akatia sahihi, safari hii bila mkia. Hamida akasoma tena, akatia yake. Ikabaki ya mlezi.

Bibi Monika alipangusa mikono yake mara tatu kwenye kanga kabla ya kuishika kalamu. Aliinama karibu sana na karatasi. "Jina langu nilijifunza kuliandika katika darasa la jioni la watu wazima," alisema, "nikiwa tayari mama wa watoto wawili, mmoja mgongoni. Babu yako alinicheka. Nikamwambia, ipo siku jina hili litafika mbali." Aliandika M, akapumzika, akaandika O. "Nilidhani litakwenda kwa jambo jingine."

Genoveva alitamani ardhi ipasuke. Aliitazama kalamu ikitambaa herufi hadi herufi, naye akasimama hapo mpaka ya mwisho, kwa sababu aliona kwamba hilo angalau hapaswi kulikimbia.

"Kosa limeandikwa, limesomwa na uliyemkosea, na limetiwa sahihi," Bibi Monika alisema, akiinyoosha barua kwa kiganja. "Huu ndio mwanzo wa kusamehewa, si mwisho wake. Mwisho wake utaufanyia kazi, mwaka mzima, macho kwa macho. Usimharakishe mwenzako."

Hamida hakuondoka. Barua ilipokunjwa na kutiwa kwenye bahasha, ikaonekana kwamba gundi ya bahasha yenyewe imekauka kwa joto la pwani, haishiki. Bibi akamega tonge dogo la ugali wa moto, akampa Genoveva. Genoveva alilipaka ukingoni, na Hamida akaibana bahasha upande mmoja ili isifunguke, wakaibonyeza wote wawili mpaka ikakamata.

Basi la alasiri kutoka Lindi lilikuwa limekwisha kusimama, na abiria wanarudi ndani na samaki wao. Mwalimu Abilahi alikuwa mlangoni mwa basi, anamwelekeza utingo ofisi ya vifurushi ya Dar es Salaam ambako mtu wa chuo angeifuata barua. Genoveva alivuka barabara, akampa utingo bahasha kwa mikono miwili. Utingo alisoma anwani, akaitia kwenye mfuko wa barua nyuma ya kiti cha dereva, akapiga bati la basi mara mbili, na gari likaondoka kuelekea Rufiji.